Mota ya Tatu

Mota ya tatu nayo ilianza kunuka. Fundi Hirabayashi akaachia kifyatulio, akachomoa betri.

Ilikuwa bunduki ya mchezo, ya kurushia vidonge vya plastiki, mali ya Bi Kinue Ogino. Kila Jumapili mama huyu wa miaka sitini na miwili alivaa magwanda ya mabaka na kuongoza kikosi cha wanawake katika msitu mmoja wa Chiba. Bunduki ilipokwama mara ya kwanza, Hirabayashi alibadilisha mota. Ilipokwama tena, alitia mota ya tatu, akamwambia mbele ya wateja, "Bibi, bunduki haina tatizo. Tatizo ni kidole chako. Unakamua kifyatulio kama limau."

Watu walicheka. Bi Ogino alicheka kuliko wote. Wiki iliyofuata aliacha uongozi, kisha akaileta bunduki iuzwe.

Sasa Hirabayashi alifungua giaboksi. Gia zote zilikuwa nzima. Alipozizungusha kwa kidole bila springi, zilikwenda kama maji. Aliporudisha springi, ziligoma. Akaiweka springi hiyo kando ya mpya ya kawaida: waya wake ulikuwa mnene zaidi.

Hapo akakumbuka. Mwaka jana Bi Ogino alilalamika kwamba vidonge havifiki mbali. Duka lilikuwa limejaa watu. Badala ya kutafuta ulikovujia upepo unaosukuma vidonge, Hirabayashi alitia springi ngumu. Mwendo wa vidonge ukarudi kuwa sawa, naye akaridhika. Tangu siku ile mota ilikuwa ikivuta mzigo usio wake.

Alichomoa pistoni. Mpira wake ulikuwa umechanika, ufa mwembamba kama unywele. Akaweka mpya, akatia springi ya kawaida na mota nyingine. Bunduki ikaimba.

Angeweza kuiuza mchana uleule, na asingejua mtu. Alikaa akiitazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akaichukua bunduki, akafunga duka.

Bi Ogino alikuwa barazani kwake, akitundika figili zikauke.

"Umepata mnunuzi?"

"Sijamtafuta. Kidole chako hakina kosa, Bi Ogino. Kosa ni langu. Nilitia springi isiyofaa."

Bi Ogino aliendelea kufunga kamba. "Ulijua lini?"

"Leo. Lakini siku ile niliyoitia, nilijua nakwepa kazi."

Bi Ogino akafuta mikono kwenye aproni, akaketi. "Ifungue. Nataka kuona."

Hirabayashi akatoa bisibisi.

"Nipe mimi."

Kwa miaka thelathini hakuna mteja aliyewahi kushika bisibisi yake. Akampa.

Bi Ogino aliifungua polepole, akiuliza jina la kila kipande. "Najifunza nisirudi tena kwako," alisema, bila hasira.

"Ni haki yako."

Jua lilikuwa limeshahama baraza alipokuwa akirudishia vipande na kufika kwenye skrubu ya chini ya mpini, ile inayoshikilia mota. Hirabayashi akainama karibu.

"Hiyo usiikaze sana," alisema. "Itapiga kelele."

Bi Ogino akairudisha nyuma robo mzunguko, akabonyeza kifyatulio, akatega sikio.