Jiko Lililotoka Woodley

Mlango wa friji iliyokufa huko Woodley, Nairobi, sasa ulikuwa meza ya muuza nyama wa Kangemi. Mikebe ya mafuta ya kupikia ilikuwa koroboi, na springi za kitanda cha mkurugenzi fulani zilikuwa zikichujia kokoto. Yote hayo yalikuwa kazi ya Zadock, fundi wa bati, ambaye mwaka huo wa 1972 alizunguka na mkokoteni nyuma ya nyumba za wakubwa akiomba vitu walivyovichoka. Watu walimtania kwamba hata akipewa kikohozi cha tajiri atakitia mpini.

Jumatatu moja alimkuta Peres sokoni akipanga omena, dagaa wa ziwani, akamwekea jiko jipya miguuni.

"Mama, hii nimetoa kwa ile karai kubwa ya kufulia, ya kwa ile nyumba Caren alikuwa anafanya kazi. Wameitupa. Nikaona si vizuri iende kwa mtu mwingine."

Caren alikuwa binti wa pekee wa Peres, yaya katika nyumba hiyo. Mwajiri wake alisema ametoroka na mwanamume, na Peres hakuamini, kwa kuwa msichana alikuwa ameacha kwa mamake viatu vyake vya kanisani.

Jioni hiyo, makaa yaliposhika, Caren akaanza kusema kutoka ndani ya bati. Alimwamkua mamake kwanza, maana alilelewa vizuri. Kisha akaeleza kwamba bwana mwenye nyumba alimsukuma kwa sababu ya shati lililoungua kwa pasi, kichwa kikagonga ukingo wa karai, na sasa amelala chini ya maua ya waridi, karibu na tangi la maji. Peres alilia huku akipunguza makaa ili maharagwe yasishike sufuria. Milcah, jirani yake, aliyekuwa amekuja kuomba chumvi, alisikiliza mpaka mwisho, akasema pole, akachukua chumvi yake.

Askari aliitwa. Alikaa kwenye kigoda, akanywa chai iliyochemkia juu ya jiko lenyewe, na Caren akamweleza upya bila kubadilisha neno.

"Nimesikia, mama," askari alisema. "Lakini bati haiwezi kula kiapo. Kama kichwa iligonga karai, alama iko wapi?"

Zadock, aliyekuwa ameitwa naye, aliinamisha uso. Alama ilikuwepo, kibonyeo kwenye ukingo, kikubwa kama kiganja. Lakini yeye hakati bati kabla ya kulinyoosha. Ndivyo alivyofunzwa, na alikuwa amekigonga kibonyeo hicho asubuhi nzima kwa nyundo ya mbao mpaka kikatoweka. Siku hiyo aliichukia mikono yake.

"Basi," askari akasema, akirudisha kikombe. "Na yule ni mtu mkubwa. Mwenye nguvu mpishe." Hakurudi.

Peres akatuma ujumbe nyumbani kijijini, Alego. Kwao, mtu akipotea na mwili usionekane, huzikwa tunda la yago, mti wa mwegea, mahali pake, akaombolezwa, akapumzika. Shemeji yake Dalmas akaja kwa basi, akachuchumaa mbele ya jiko, akazungumza na Caren kwa Kijaluo mpaka makaa yakawa majivu. Kisha akatikisa kichwa.

"Yago ni ya mtu amepotea. Huyu hajapotea, amesema mahali yuko. Tukizika tunda, tutakuwa tumedanganya ardhi."

"Sasa alale wapi, Dalmas? Alale wapi mtoto wangu?"

Dalmas alinawa mikono. Alikula, akashukuru, akapanda basi la kurudi.

Zadock aliendelea kupita Woodley. Waridi lilikuwa limenawiri mno, na mwenye nyumba alikuwa ameandika yaya mwingine, aliyefulia ndani ya beseni jipya la plastiki. Bwana huyo alimpungia mkono fundi, akamwuliza kama anahitaji vyuma vya zamani.

Kila jioni Peres huwasha jiko. Caren humwamkua, kisha humwuliza kama watu wa nyumbani wameshaondoka kuja kumchukua.

"Wako njiani," Peres humjibu, na kutia unga kwenye maji.