Wimbo Aliopewa Mwingereza

Mwalimu Bryson ndiye aliyeuleta ubishi wa Waingereza shuleni, yeye na mpira wake. Jumatatu asubuhi aliingia ofisi ya walimu akicheka kwamba Waingereza hawana wimbo wao. Wachezaji wanasimama uwanjani vifua mbele, wanaimba wimbo wa mfalme, na mfalme huyo ni wa Waskoti na Wawelisi pia. Hao wengine wana nyimbo zao za pembeni. Mwingereza, pamoja na makelele yake yote duniani, amebaki na ule wa ushirika tu. Walimu walibishana mpaka chai ikapoa, na Kissa, aliyefundisha Kiingereza, akasema hiyo ndiyo itakuwa mada ya mdahalo wa kidato cha tatu.

Kissa alikuwa mtu wa Rungwe. Serikali ilimpanga Masakta, chini ya Mlima Hanang, mumewe Gerald ikambakiza Dodoma, na yeye akapanga chumba kwa mjane mmoja aitwaye Paskalina. Alikuwa mjamzito, tumbo limekwisha kuwa kubwa. Mama yake mzazi alifariki mwaka uliotangulia, na urithi aliomwachia ulikuwa mmoja: wimbo wa kubembelezea mtoto. Mama aliutunga mwenyewe kwa Kinyakyusa, akimnyonyesha Kissa, kuhusu mwanamke anayeshuka migombani na kuahidi kurudi kabla ya mvua. Hakuna mtu mwingine aliyeujua. Kissa aliuimba kila jioni akiosha vyombo, na mtoto tumboni alikuwa akirusha mateke kwa furaha. Alijiapiza kwamba mtoto huyu hatamjua bibi yake kwa sura, lakini kwa wimbo atamjua.

Siku ya mdahalo mwanafunzi aitwaye Letisia alipinga kwa kujiamini hoja kwamba Waingereza wanahitaji wimbo wao. Alisema Waingereza wana mfalme kwao, wana lugha inayofelisha watoto wa Hanang kila mwaka, wimbo mwingine wa nini? Darasa likapiga makofi. Kisha akasimama Agustino, kijana mzito wa maneno ambaye Kissa alimweka kwenye orodha kwa kumhurumia tu.

"Sisi wimbo wa taifa tunao, na tunaupenda," alisema. "Lakini bibi yangu akifa hatutamwimbia huo. Tutamwimbia wa kwao. Je, Mwingereza akifa, anaimbiwa upi?"

Hakuna aliyepiga makofi. Wanafunzi wenyeji walitazama chini. Kissa alipomuuliza Agustino baadaye kwa nini darasa limenyamaza vile, kijana alisema ni vizuri amuulize mama mwenye nyumba wake.

Paskalina alikuwa anachambua maharage, na hakuacha kuchambua. Lile tuta la mawe lenye ua wa minyaa, kwenye njia ya shuleni, ni kaburi, alisema. Mwingereza mmoja, bwana mifugo wa enzi za ukoloni, alikufa kwa homa wakati wa masika, barabara zimekatika, akazikwa kwenye shamba la babu wa marehemu Margwe, mumewe Paskalina. Katika ukoo ule maiti haiendi kimya. Inaagwa kwa wimbo wa watu wake, ijue pa kwenda. Sasa wimbo wa watu wa bwana mifugo nani aliujua? Wakamwimbia ule wa mfalme, uleule waliolazimishwa kuuimba shuleni wao wenyewe, watoto wa Kiiraqw wasiomjua mfalme wala farasi wake. Tangu siku hiyo mtu akipita pale anachuma jani, analiweka juu ya mawe na kwenda zake. Haimbi. Hata kwaya ikitoka harusini hunyamaza mpaka ivuke mto.

Kissa aliuliza kwa nini wasiimbe.

"Anapenda nyimbo," Paskalina alisema.

Kissa aliona hilo si kosa. Nani asiyependa nyimbo?

Ukungu wa Juni ukaja, ule unaoshuka kutoka mlimani mchana kweupe na kukaa. Kissa akitoka shuleni alikuwa haoni hata mikono yake, na alipofika usawa wa minyaa alisikia mtu anaguna. Ilikuwa sauti ya mwanamume anayetafuta pa kuanzia wimbo: anaguna, anakosea, anakatiza, anaanza tena. Aliweka jani lake akaharakisha. Kesho yake ilikuwa vilevile. Lakini kilichomtia hofu hakikuwa sauti, kilikuwa tumbo. Kila lile guno lilipoanza, mtoto aliacha kucheza, na kila siku alichelewa zaidi kuamka. Nesi wa zahanati alimpima, akasema mapigo ni mazuri, apunguze mawazo. Apunguze mawazo! Mwanamke aliyebeba mtoto aliyenyamaza, hayo mawazo ayapeleke wapi?

Siku moja mtoto hakucheza tangu asubuhi. Kissa alisimama kwenye minyaa, machozi yanamtoka, na guno likaanza. Akakumbuka swali la Agustino. Akaona huyu si mbaya, ni mtu aliyekosa chake. Basi apewe, aondoke, amwachie mwanawe.

Akaanza na wimbo wa kanisani, beti zote. Guno likaendelea kama vile hakuna aliyeimba. Akajaribu wimbo wa shule. Likaendelea. Hizo zilikuwa nyimbo za watu wote, na wa watu wote, ule wa mfalme, alikwishapewa. Kissa alielewa, akashika tumbo, akamwimbia wimbo wa mama yake.

Guno likakatika katikati ya ubeti wa kwanza. Ukungu ulitulia pale kwenye mawe, umeinama, kama mtu anayetega sikio. Alipomaliza ubeti wa mwisho mtoto alimpiga teke la nguvu, na Kissa akacheka peke yake njia nzima hadi nyumbani.

Jioni ile, mikono ikiwa kwenye maji ya vyombo, alifungua mdomo, halafu akaufunga. Alibaki ameduwaa kama aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Akaona ni uchovu, akamaliza kuosha. Paskalina, aliyekuwa jikoni, alisubiri kusikia kilichozoeleka. Aliposikia sufuria peke yake, alikuja mlangoni akamtazama muda mrefu.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, akapewa jina la bibi yake, Tusajigwe. Gerald alikuja, akafurahi, akarudi kazini. Lakini mtoto alikuwa analia. Alinyonya akalia, akabebwa akalia. Kissa alijaribu kumwimbia kila alichojua, na mtoto alimwangalia mdomo, anasubiri kitu, kisha akalia zaidi.

Alasiri moja ukungu ulishuka tena, na mtoto alikuwa amelia hadi sauti imekauka. Walikuwa wamekaa barazani, Kissa na Paskalina, wamechoka wote wawili. Ndipo sauti ikaja kutoka kule kwenye minyaa. Haikuwa guno sasa. Ilikuwa imekamilika, nzito, ya mwanamume, inayatamka maneno kwa tabu kama mgeni, lakini haikukosea hata moja. Mtoto akanyamaza. Akageuza kichwa upande wa kaburi, akatabasamu.

Machozi yalimtoka Kissa, na hakujua ni ya nini.

"Mama, unasikia?" alinong'ona. "Anaimba Kinyakyusa. Kuna mwanamke anashuka migombani, anasema atarudi kabla ya mvua. Wimbo mzuri hivi sijawahi kuusikia maishani mwangu. Ni wa nani?"

Paskalina alikuwa ameusikia masika yote, kila jioni, Kissa akiosha vyombo. Alivuta khanga akamfunika mtoto miguu.

"Sikiliza vizuri, mwanangu," alisema. "Labda utaweza kuushika."

Kissa aliinama mbele, akafuatisha kwa midomo. Kila mstari ulipopita aliutafuta na kukuta hauna hata neno moja. Alijaribu tena na tena mpaka ukungu ukaanza kupanda mlimani na sauti ikafifia. Tusajigwe alikuwa amekwisha kulala.