Jeneza la Mechack

"Mashini inakatala, mama." Gael, karani, alisema hivyo bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta, kama mtu anayesema nje kuna jua.

Nyuma ya Ndaya, mtunza depo ya vifaa vya kampuni, jeneza lilisimama kati ya matairi ya malori na mapipa ya grisi. Kila mfanyakazi anayekufa, kampuni humpa jeneza. Ndiyo desturi, na kwenye mkataba imo. Nje ya geti, kando ya barabara ya Kingamyambo, lori lilikuwa tayari kumpeleka marehemu Mechack kwao Sandoa. Angèle, mjane wake, alikaa kwenye benchi la mlinzi, kitambaa cheusi kichwani.

"Inakatala juu ya nini?"

"Hopitali ilituma habari asubuyi, biro ikaingiza kifo yake mu mashini. Papo hapo mashini ikamufunga Mechack kila fasi: mushahara, kadi ya geti, bitu bya depo. Haiko mutu wa kampuni tena. Mupaka bakubwa ba Lubumbashi batengeneze. Labda juma ingine."

"Kumbe mufu haana haki ku sanduku ya bafu!"

"Mama, hii mashini iko na faida. Zamani pompi ilikuwa inangojea kipande mwezi muzima. Leo depo, biro, bashofere, byote biko mu programu moja, binasikilizana."

Hakusema uongo. Pampu hazilali tena, na hilo ndilo lililomchoma Ndaya zaidi. Chombo kinachojua kila boliti ilipo, na kulia hakijui.

"Binasikilizana!" alimwigiza. "Mechack alikuwa anakubeba ku pikipiki yake kila asubuyi, leo unaniimbia faida? Toka ku kiti!"

"Mama Ndaya..."

"Toka, mutumwa wa kioo!"

Gael akainuka, Ndaya akaketi. Programu ikauliza jina la anayepewa. Akaandika jina lake mwenyewe: Ndaya. Ikauliza sababu. Akaandika: kifo.

Gael akamshika mkono. "Itakufunga na weye! Kukurudisha si kazi ya siku moja. Batoto batakula nini?"

"Achilia mukono yangu."

Akabonyeza. Ikakubali upesi, kwa rangi ya kijani. Wanaume wa gereji wakabeba jeneza hadi nje; Angèle akasimama, akaanza kulia upya, na lori likaondoka.

Kesho yake asubuhi Ndaya aligusisha kadi getini. Taa nyekundu. Akagusisha tena.

Djafari, mlinzi, akacheka. "Mama, mashini inasema ulikufa!" Kisha akamtazama usoni. "Nikufungulie na mukono?"

"Balikuruhusu?"

"Balinikataza."

"Basi acha. Weye pia uko na batoto."

Akakaa kwenye benchi. Kule ndani, Gael alisimama mlangoni mwa depo, haingii, hatoki. Malori yakaanza kupita. Geti likajifungua kwa kila moja, likajifunga, na kila mara vumbi jekundu likatua juu ya magoti ya Ndaya. Hakulipangusa.