Mheshimiwa Ameketi

Kibao kwenye mwanzo wa njia kinasema: kilomita moja na nusu kando ya bahari, mwendo wa nusu saa, watoto na mbwa ruksa. Marehemu mume wangu, tangu astaafu, alikuwa akiimaliza kwa saa mbili. Mimi natoka kufua mashuka ya hospitali, miguu imevimba, nakuta vyombo havijaoshwa na bwana yuko matembezini na mbwa wake. Nikamnunia. Wiki yake ya mwisho sikumsemesha kabisa, na hadi leo, miezi miwili baada ya mazishi, hasira haijaniisha.

Mbwa tulimwita Mheshimiwa kwa maringo yake. Leo alilia mlangoni mpaka binti yangu akasema, "Mama, si umtoe tu?" Nikamfunga kamba, nikatoka naye shingo upande.

Hatukufika mbali. Penye ukuta mfupi wa mawe akaketi. Nikavuta kamba, akanitazama kama karani wa dirishani saa ya chakula. Nikasubiri huku nikimtukana kimoyomoyo, hadi akainuka mwenyewe. Mbele kidogo, kwenye gogo, akaketi tena. Tukaanza kupanda kimlima, akaketi mara ya tatu. Mbwa wa miaka miwili, mwenye afya kunishinda mimi!

Mama mmoja alikuwa akishuka na watoto wake. Walipomwona Mheshimiwa wakamkimbilia.

"Shikamoo, mama," akasema. "Huyu si mbwa wa yule mzee? Mbona siku hizi hatumwoni?"

"Marahaba. Alifariki. Mimi ndiye mkewe."

"Jamani, pole sana. Tulikuwa tunamkuta hapa hapa, amekaa, mkono kifuani, jasho linamtiririka. Tukimuuliza kama anaumwa, anasema yeye mzima, anampumzisha mbwa tu. Siku moja nikamwambia, 'Mzee, waambie nyumbani.' Akacheka. Akasema nyumbani kuna mtu amechoka kweli kweli, hawezi kumwongezea mgonjwa."

Miaka ishirini nafua mashuka ya wagonjwa, na wangu sikumjua. Nilimwonea mume wangu. Nilimwonea, naye akaninyamazia.

Mama yule akanishika bega, akawaita wanawe, wakaenda zao. Mheshimiwa akainuka, akavuta kamba, tayari kwa safari. Mimi nilikuwa nimekaa chini, mahali pale pale, na sikuweza kusimama.