Mstari wa Fundi Abbasi

Penina Chilewa alikuwa ametenga dakika kumi tu kwa marekebisho yale. Ofisi yao ya Chang'ombe ilitengeneza kompyuta ndogo za kupima maji visimani, na yeye ndiye aliyeandika kiendeshi, programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kipimo, iliyo wazi kwa fundi yeyote kuisoma. Kwa miaka minne mafundi walilalamika kwamba ukichomoa waya wa kipimo, mara mojamoja mashine nzima inaganda. Hakuna aliyejua sababu.

Sasa fundi pampu wa Kondoa, Abbasi Hasani, alikuwa ametuma mistari miwili ya programu ya kuondoa kosa hilo. Wa pili Penina aliuelewa papo hapo. Waya ukichomolewa, nafasi ya kipimo kwenye kumbukumbu ya kompyuta huachiwa, lakini kielekezi kinachoonyesha ilipokuwa hubaki vilevile, basi kifutwe. Ila mstari wa kwanza ulisimamisha saa ya ndani, ile inayoiamsha kompyuta kusoma kipimo, kabla ya yote. Wa nini? Akapiga simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umesoma?"

"Nimesoma. Huu wa kusimamisha saa naona tuuondoe, hauna kazi."

"Uondoe," Abbasi alisema bila kukasirika. "Halafu chomoa waya sekunde ya tisa baada ya kipimo kusoma."

"Kwa nini ya tisa?"

"Kinasoma kila sekunde kumi. Nimechomoa mara mia mbili na kumi na mbili, naandika kwenye daftari. Iliganda mara kumi na tisa, zote sekunde ya tisa. Maana yake saa imeshaamka, imeshika anwani ya zamani ya kumbukumbu. Ukifuta kielekezi wakati huo umechelewa."

Penina aliondoa mstari, akawasha mashine ya majaribio iliyokuwa mezani, akahesabu kwa sauti. Saba. Nane. Tisa. Akavuta waya.

Kioo kikaganda.

Akarudia. Kikaganda tena. Kosa alilolitafuta miaka minne, sasa aliliita likaja. Akaurudisha mstari wa fundi, akachomoa mara hamsini, hata vidole vikauma. Mashine haikuganda hata mara moja. Alijikuta amesimama, akiitazama mistari miwili kana kwamba haikuandikwa na binadamu.

Akapiga tena.

"Mzee, haya umejifunza wapi?"

"Binti yangu alimaliza chuo akaacha vitabu vya kompyuta. Pampu ikinyamaza nina muda wa kusoma."

Penina akaona ni lazima akiri. "Hiyo programu niliiandika mimi."

"Najua. Jina lako lipo pale juu kabisa."

"Mbona hukusema kwamba kosa ni langu?"

"Nilitaka usome kwanza," Abbasi alisema. "Na sehemu nyingine umeandika vizuri sana. Nimejifunza humo."

Penina aliinama, akayapitisha marekebisho, na chini ya jina lake akaandika la Abbasi Hasani. Kisha akamwomba, kama angekuwa na nafasi wiki ile, aisome na programu iliyobaki.

"Yote?"

"Yote, mzee. Tafadhali."