Wau Mbele ya Kioo

Sijui ni Mzungu gani aliyetuletea neno "wau", lakini shangazi yangu, fundi cherehani, angemkamata angemshona mdomo. Kila mteja akivaa nguo mpya mbele ya kioo chake husema "wau", na shangazi anashikilia kwamba wengi wao ni waongo. Kuna wau ya adabu, mteja keshaanza kutafuta mlango kwa macho. Kuna ya kusifia kitambaa tu. Ile ya rafiki aliyekuja kusindikiza, anayesema wau huku roho inamuuma, shangazi huitambua hata akiwa amempa mgongo anapiga pasi.

"Usisikilize mdomo," huniambia. "Tazama mikono. Nguo ikimkaa mtu, mikono yake haitulii."

Mama yangu alitoka hospitali akiwa nusu ya mama niliyemzoea. Tangu siku hiyo hakuvuka kizingiti, na harusi yangu ilipokaribia akasema ataniombea akiwa nyumbani. Hataki watu waache kumtazama bibi harusi waje kumtazama yeye na mifupa yake. Nilikasirika, nikamwambia bila yeye sina harusi. Akanijibu kwamba kinachohitajika kwenye harusi ni bwana, siyo mama.

Shangazi hakubishana naye. Alishona gauni kimyakimya, akalileta nyumbani.

"Jaribu tu, wifi. Usipolipenda nitalifanya pazia."

Mama akalivaa, akasimama mbele ya kioo cha kabati.

"Wau," akasema.

Mikono yake ilikuwa imelala ubavuni, tuli. Gauni lilimning'inia mabegani kama limetundikwa. Shangazi, ambaye hakati kitambaa cha mtu bila kumpima na kumpima tena, alikuwa amemshonea wifi yake kwa kukumbuka mwili wa zamani.

"Mbona hukunipima?" mama akauliza.

Shangazi akakaa kitandani. "Niliogopa, wifi. Niliogopa kujua umekwisha kiasi gani."

Nilidhani mama atalia. Badala yake akainua mikono yote miwili. "Haya, nipime. Ila tumboni uniachie nafasi, bado nina mpango wa kula."

Shangazi akapima, pini mdomoni, akifuta macho kwa bega. Akafumua palepale, akaanza kushona upya kwa mkono, na mimi nikawa natunga uzi kwenye sindano. Mchana kutwa walibishana kuhusu kiuno, huyu anataka kibane, yule anataka kipwaye, wakachekana mpaka mama akaomba maji. Nawapenda wanawake wale wawili, wala sioni haya kusema.

Gauni lilipokuwa tayari, mama akalivaa tena. Tukasubiri lile neno, halikuja. Aligeuka upande, akavuta shingo ya gauni kidogo, akalaza mshono wa kiunoni kwa kiganja, akageukia upande wa pili. Nilitaka kumuuliza anaonaje, shangazi akanifinya nisifungue mdomo.

"Wifi," mama akasema, bado anajitazama, "huko ukumbini kuna ngazi nyingi? Maana viatu virefu nimevisahau kidogo."