Bomba Lililopewa Moja

Mektrida anasema alikutana na bomba la kijiji kwenye kona ya kanisa, saa kumi na mbili asubuhi, yeye akienda kukata majani ya ng'ombe. Lilikuwa limejitwika zege lake kichwani, linateremka taratibu, linadondosha maji njiani.

"Shikamoo, mama," likamwamkia.

"Marahaba. Safari ya wapi?"

"Himo. Si mmenipa moja?"

Mektrida akaona jibu linatosha, akaenda kwenye majani yake.

Jirani yake Avelina alipofika na ndoo alikuta shimo. Akalitazama, akarudi nyumbani. Mama yake, Kornelia, alikuwa mwaka wa pili kitandani, na vidonda vya mgongo vilitaka kuoshwa asubuhi na jioni. Sasa maji yalikuwa mtoni, saa nzima kushuka, kupanda zaidi. Siku hiyo mgongo ulioshwa asubuhi tu.

Hiyo moja waliitoa karibu wote. Kijana wa utafiti, Given, alipita nyumba kwa nyumba na tableti, akakaribishwa ndizi, akasoma maswali harakaharaka. Bomba la kijiji, kuanzia moja hadi tano? Moja, alisema Avelina bila kufikiri. Darasa la saba yeye mwenyewe alikuwa namba moja, ingawa masomo yaliishia hapo. Na huu mfumo mpya wa maji kwa simu? Tano, wa mwisho kabisa. Given hakueleza moja ni nini, wala hakuna aliyeuliza. Kila aliyepita shule alijua.

Asubuhi bomba lilipoondoka, mfumo uliingia kwenye simu zote, hata kitochi cha Avelina. Ukibonyeza unaandika: Karibu. Bomba lako la karibu lipo Himo.

Wiki ya tatu mgongo ulianza kunuka. Avelina akamwachia Mektrida mgonjwa, akashuka Himo. Bomba lilikuwa nje ya ofisi ya mradi wa maji, linaosha malori yanayokwenda mpakani. Wakasalimiana, akaingia.

"Dada wa ndizi!" Given akamchangamkia. "Karibu kiti."

"Nimekuja kubadilisha. Ile moja yangu iwe tano. Mama anaoza, kaka."

"Pole sana. Ila matokeo yameshafungwa, dada. Kijiji karibu chote mmelikataa bomba. Na sisi tunawasikiliza wananchi."

"Hatukulikataa. Tuliliweka namba moja."

"Ndivyo nilivyoandika." Alisema bila ubaya wowote, kisha akamgeuzia tableti. "Haya, nisaidie hili tu. Umeridhika kiasi gani na huduma uliyopata leo? Moja hadi tano."

Avelina aliziangalia zile namba. Zilikuwa za rangi moja, zimepangwa mstari. Mikono aliiacha magotini.

"Naomba kwanza uniambie," akasema. "Moja ni nzuri au ni mbaya?"

Given aliendelea kuishika tableti, macho kwenye kioo, akisubiri namba.